Na Igandu Je? Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Televisheni, Bodi ya Filamu na Wasimamizi wa Reli

Kwa wakuu wa vituo vya televisheni nchini, Bodi ya Filamu Tanzania, Shirika la Reli Tanzania (TRC) na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).

Waheshimiwa, salaam.

Nawaandikia kutoka Dodoma. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na kilichonifanya nishike kalamu ni filamu za treni zilizokosa breki, zile mnazoturushia usiku wa mwisho wa wiki baada ya taarifa ya habari. Ombi langu nalitaja hapa hapa mwanzoni ili mwenye haraka asilikose. Tarehe 24 Juni 2027 ajali ya treni ya Igandu, hapa mkoani Dodoma, itatimiza miaka 25. Kabla ya siku hiyo naomba itengenezwe filamu ya televisheni ya Kiswahili juu ya ajali ile, iwe ya kweli na makini, na irushwe saa ile ile tunayoangalia treni za Marekani.

Sizichukii filamu za Marekani. Nazipenda, na nyumbani kwangu zikianza hakuna anayegusa rimoti. Kanuni zake tumezishika kwa moyo. Dereva anashikwa na ugonjwa wa moyo, au anashuka kidogo tu, na treni inaondoka peke yake. Ndani kuna mama mjamzito, kuna bibi, kuna mtoto aliyetoroka kwao. Nyuma kuna shehena ya sumu, na mbele kuna mji wenye watu. Mkubwa wa kampuni hataki kusikia la mtu. Fundi aliyefukuzwa kazi ndiye pekee anayejua cha kufanya, na mke aliyeachana naye yumo humo humo ndani ya treni. Helikopta inakuja, mtu anateremshwa kwa kamba, anakosa kushika paa, anapigwa na upepo, na hapo hapo linaingia tangazo la sabuni.

Tangazo haliingii pale kwa bahati. Filamu za namna hii zimekuwa zikitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani tangu miaka ya 1970, enzi ambazo mitandao mikubwa ya kule ilikuwa ikijitengenezea filamu zake kila wiki. Treni iliwafaa sana watu wa televisheni. Haidai mji mzima ubomolewe. Unahitaji behewa moja la kupigia picha za ndani, kipande cha reli cha kukodi na picha chache za nje ambazo unaweza kuzirudia. Halafu treni inakupangia hadithi yenyewe, maana haiwezi kukata kona wala kugeuza. Kila unapofika muda wa matangazo kuna daraja, stesheni au treni nyingine inayokuja mbele. Ni ufundi mzuri, na nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu kilichowafaa wenye fedha kidogo kule kinaweza kutufaa na sisi.

Shida yangu ni ya darasani. Kwa vijana wengi wa hapa, filamu hizo ndizo elimu yote ya usalama wa reli waliyowahi kupata. Na hawa si watoto wa mbali na reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Wajerumani wakiwa njiani kuelekea Tabora na Kigoma, na tangu Julai 2024 tuna reli ya pili, ya umeme, inayoleta abiria kutoka Dar es Salaam. Mtoto wa Kizota au Ihumwa amelala na honi ya treni masikioni tangu azaliwe. Lakini mwulize treni hupoteaje breki, atakusimulia filamu.

Nimewauliza. Mpira wa hewa unaounganisha mabehewa mawili ukikatwa kwa kisu, treni itafanya nini? Darasa zima lilijibu kwamba itakimbia na hakuna wa kuizuia. Jibu sahihi ni kwamba itasimama.

Naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu sehemu kubwa ya barua hii imesimama hapa. Katika breki ya hewa inayotumika sehemu kubwa ya dunia, bomba moja hupita chini ya treni yote, kutoka kichwani hadi behewa la mwisho. Mmarekani George Westinghouse alipoibuni mara ya kwanza mwaka 1869, hewa ndiyo iliyosukuma breki zibane, kwa hiyo bomba likipasuka breki hakuna. Mwaka 1872 akaligeuza wazo lake mwenyewe. Kuanzia hapo hewa iliyomo ndani ya bomba ndiyo inayozuia breki zisibane. Shinikizo likishuka, iwe dereva ameliachia au bomba limekatika, kila behewa linachukua hewa iliyohifadhiwa kwenye tangi lake lenyewe na kubana magurudumu yake. Ni kama mlango wenye springi: usipoushikilia unajifunga.

Kwa hiyo yule mwovu wa filamu mwenye kisu ameisaidia treni kusimama. Treni halisi hupoteza breki kwa njia ambazo kamera haizioni kwa urahisi. Koki ya bomba kati ya mabehewa mawili ikisahaulika imefungwa, amri ya dereva inaishia hapo, na mabehewa ya nyuma hayana habari kwamba kuna mtu anafunga breki. Treni ikiachwa mlimani kichwa kimezimwa, hewa inavuja taratibu kutoka kwenye matangi hadi inakwisha, na kinachobaki ni breki za mkono, kama kuna mtu alizikaza, na kama alikaza za kutosha. Kwenye mteremko mrefu vyuma vinapata moto mpaka breki zinachoka, jambo ambalo dereva yeyote wa lori aliyeshuka Sekenke na mzigo hahitaji mwalimu wa kumweleza.

Kuna jambo la pili ambalo filamu hulipotosha, nalo naliona baya zaidi: zinatupa muda. Chukua mteremko unaoshuka mita 2 katika kila mita 100 za reli. Behewa lisilo na breki juu yake, hata ukishapunguza kile kinacholiwa na msuguano mdogo wa chuma juu ya chuma, litafikia mwendo wa karibu kilomita 38 kwa saa baada ya dakika moja. Baada ya dakika tatu litakuwa kwenye kilomita 115 hivi kwa saa, na bado litakuwa halijamaliza kilomita tatu kutoka lilipoanzia. Uzito wala haubadilishi jibu. Liwe behewa moja au yawe ishirini, mwendo ni ule ule. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huifanya hesabu hii ubaoni, na wakifika mwisho darasa linanyamaza. Dakika tatu hazitoshi kumpigia simu fundi aliyefukuzwa kazi.

Ni kweli lipo tukio linalofanana na filamu. Tarehe 15 Mei 2001, katika jimbo la Ohio, treni ya mizigo ya kampuni ya CSX yenye mabehewa 47 iliondoka bila mtu. Dereva alikuwa ameshuka ili kuweka njia sawa, akiamini kwamba amewasha breki inayotumia mota za kichwa kupunguza mwendo, kumbe injini ilikuwa inavuta. Breki za hewa za mabehewa hazikuwa zimeunganishwa na matangi yake hayakuwa na hewa, kama ilivyo kawaida treni ikihamishwa ndani ya yadi. Ilikwenda kilomita 106 kwa muda usiofika saa mbili, ikiwa na mabehewa mawili ya kemikali hatari. Kichwa kingine kikaifukuza kutoka nyuma, kikajiunga nayo na kuipunguza mwendo, hadi mfanyakazi mmoja akaweza kuidandia na kuizima. Hakuna aliyekufa. Hollywood ikapata filamu yake ya sinema mwaka 2010. Lakini treni ile ilikuwa inavutwa na injini katika nchi tambarare. Treni ya mlimani inavutwa na mlima wenyewe.

Sasa nije nyumbani.

Reli ya Kati ikitoka Kilosa, kwenye kimo cha mita 500 hivi, inaanza kupanda kuja huku kwetu juu ya mita 1,100. Inapita Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Ihumwa, ndipo Dodoma. Asubuhi ya Jumatatu, 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa na watu zaidi ya 1,200, ilipata hitilafu ya breki katika mlima ulio kati ya Msagali na Igandu. Ikaanza kurudi nyuma. Ilishuka kinyumenyume, mwendo ukizidi, hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki na mamia wakajeruhiwa. Wengi wa waliokufa bila kutambuliwa walizikwa pamoja hapa Dodoma. Ni ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli ya nchi hii, na moja kati ya zile mbaya kabisa za reli barani Afrika.

Vijana waliozaliwa mwaka ule sasa ni watu wazima wenye kazi na watoto. Wengi wao wameangalia filamu ya treni isiyo na breki inayokimbilia mji wa Denver, Marekani, na wakikaa mezani na mimi wanaweza kunieleza ilivyokwisha. Igandu wanaijua kama jina la stesheni.

Sisi si wa kwanza kupatwa na jambo kama hili, na ndiyo maana naliona ni somo na si msiba peke yake. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, treni ya matembezi ya shule ya Jumapili, iliyojaa watoto na wazazi wao, ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaamua kuikata vipande viwili ili kichwa kipeleke kwanza mabehewa ya mbele. Treni ile ilikuwa na breki za aina ambayo ukiikata, mabehewa yaliyoachwa hayana breki zaidi ya ile ya mkono ya gadi, kosa lile lile ambalo Westinghouse alilirekebisha miaka 17 kabla. Wakaweka mawe chini ya magurudumu. Kichwa kilipotaka kuondoka kikarudi nyuma kidogo na kuyagonga mabehewa yaliyobaki, mawe yakasagika, mabehewa yakaanza kushuka kuelekea treni nyingine iliyokuwa inafuata nyuma. Watu 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha treni za abiria kuwa na breki zinazojibana zenyewe kwa urefu wote wa treni.

Soma tena habari hiyo, kisha fikiria mlima wa Igandu. Fikiria pia Tenga, nchini Msumbiji, tarehe 25 Mei 2002, haijatimia hata mwezi kabla ya msiba wetu: mabehewa ya abiria yalitenganishwa na ya mizigo mlimani kwa sababu ya hitilafu, yakateremka, yakagonga yale ya mizigo, na watu zaidi ya 190 wakafa. Na Lac-Mégantic, Kanada, 6 Julai 2013: treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi iliegeshwa kwenye mteremko usiku, kichwa kikazimwa baada ya kushika moto, hewa ikavuja, breki za mkono zilizokazwa hazikutosha, na watu 47 wakaungua katikati ya mji wao. Mlima, breki na dakika chache. Filamu karibu zote nilizoziona zinakwepa kisa cha aina hii, kwa sababu hakimpi shujaa nafasi ya kufika.

Kisa cha aina hii ndicho ninachowaomba mkionyeshe.

Najua kutakuwa na wasiwasi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa wafiwa: kwa nini tuwachokonoe? Nimekaa na watu wa namna hiyo. Mtaani kwangu yupo mzee ambaye tangu mwaka ule hajapanda treni, na hajawahi kuniambia tusizungumze. Kinachomuumiza ni kwamba hakuna anayeuliza. Watu wa Mwanza walipoteza ndugu zao kwenye MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya Igoma yanawapa mahali pa kukutana na siku ya kukumbuka; kumbukumbu ile imewasaidia kubeba msiba. Sisi wa Dodoma tunataka hivyo hivyo, na filamu iliyotengenezwa kwa heshima ni sehemu yake.

Wasiwasi wa pili ni wa biashara, na nadhani ndio mzito zaidi katika ofisi zenu: je, abiria wa treni mpya hawataogopa? Mimi naamini watu wanaogopa zaidi kile wasichokielewa. Treni ya umeme ikisimama njiani kwa hitilafu yoyote, simu zinaanza kusambaza ujumbe wa breki zilizokatika na dereva aliyekimbia, maneno yaliyotoka moja kwa moja kwenye filamu. Laiti abiria wale wangejua kwamba treni iliyosimama ni treni ambayo breki zake zinafanya kazi. Laiti wangejua kwamba reli hii mpya, yenye treni za hadi kilomita 160 kwa saa, imewekewa mfumo wa ETCS unaofuatilia mwendo na kufunga breki wenyewe dereva akipitiliza. Hayo yanastahili kusemwa kwenye televisheni kwa lugha ya mtu wa kawaida, na hakuna mahali pazuri pa kuyasemea kama mara tu baada ya filamu iliyowatoa watu jasho.

Nina pendekezo dogo kwenu, wenye vituo, ambalo halihitaji kusubiri 2027. Kila mnaporusha filamu ya treni, tengeni dakika tatu baada yake. Mwiteni fundi wa breki kutoka karakana ya Morogoro, au mkufunzi wa chuo cha reli cha Tabora, aseme kipi kati ya tulivyoviona kinawezekana na kipi hakiwezekani. Mpeni behewa halisi nyuma yake, aguse koki, aonyeshe mpira, akaze breki ya mkono watu wakiona. Na sauti ya kipindi hicho mwape wale madijei wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, ambao vibanda vya video vya Chang'ombe na Mkonze vinawasikiliza kuliko mtangazaji yeyote. Wao ndio waliowaeleza vijana wetu hizo treni zinafanya nini. Wakiambiwa ukweli wa bomba la hewa, wataueleza vizuri kuliko mimi.

Na tafadhali msiite filamu ya kubuni kisa cha kweli. Kituo kimoja kilifanya hivyo wakati wa kuitangaza filamu ya treni, nami nilitumia kipindi kizima cha Jumatatu kuwaondoa wanafunzi kwenye imani kwamba mji fulani wa Marekani umewahi kulipuka. Mei 1999, NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, ilipokuwa inajiandaa kurusha Atomic Train, filamu ya usiku mbili ya treni isiyo na breki inayoteremka milima ya Rocky kuelekea Denver ikiwa na bomu la nyuklia, ilibadilisha maneno ya waigizaji. Palipotajwa taka za nyuklia sauti iliingizwa upya zikawa taka hatari, na watazamaji wakaelezwa kuwa hadithi ni ya kubuni. Wapo waliosema mtandao ulikuwa unailinda kampuni iliyoumiliki, General Electric, yenye biashara ya nyuklia. Vyovyote iwavyo, mtu fulani alikaa mezani akajiuliza mtazamaji ataamini nini. Nasi tunastahili mtu wa kutuulizia hivyo.

Sasa filamu yenyewe. Bodi ya Filamu, najua mtasema fedha. Ndiyo maana mwanzoni nilisema treni huwafaa wenye mfuko mdogo. Hatuhitaji kuonyesha mgongano. Naomba hata msiuonyeshe. Mtu aliyempoteza mama yake hahitaji kuona mabehewa yakikunjamana kwa kompyuta. Filamu nzima inaweza kukaa ndani ya behewa la daraja la tatu usiku ule, kuanzia stesheni ya Dar es Salaam: watu wanavyogombania dirisha, mizigo inavyopitishwa juu ya vichwa, mwanafunzi anayerudi likizo, mama aliyebeba mchele na mtoto mgongoni, mazungumzo ya watu wasiojuana ambao kufikia Morogoro wanagawana chapati. Kila aliyepanda treni ya Reli ya Kati anaujua usiku ule. Halafu alfajiri, ubaridi wa Gulwe, wachuuzi madirishani. Halafu mlima. Kisha turukie upande wa pili: wanavijiji wanaokimbia kuelekea relini, hospitali ya Dodoma, watu waliopanga foleni kutafuta majina. Hapo ndipo filamu inapostahili kukaa muda mrefu.

Msitupe mwovu wa kubuni. Najua mwandishi wa hadithi atashawishika kuweka mtu mmoja mbaya ili tumchukie tukalale vizuri. Ajali za mlimani hutokea kwa vitu vidogo vinavyofuatana, na watu wanaochoka, na maamuzi yanayofanywa haraka na wafanyakazi wanaotaka kufikisha abiria. Mwandishi akae na wahandisi mpaka aelewe hatua kwa hatua. TRC na LATRA, hapa nawaomba ninyi mfungue milango: matokeo ya uchunguzi yaelezwe mbele ya kamera kwa Kiswahili chepesi, pamoja na yaliyobadilishwa tangu hapo katika ukaguzi wa breki kabla ya treni kuanza mlima. TRC mna mabehewa ya zamani ya reli yenye upana wa mita moja. Mkopesheni mtayarishaji moja, na kipande cha njia ya pembeni kwenye stesheni ndogo kwa wiki chache. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa hapa na vijana wake wa sanaa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo. Waigizaji wa Kigogo wapo, na naomba wasemeshwe Kigogo pale ambapo wanakijiji wangesema Kigogo.

Kuna jambo la haraka kuliko yote, na ndilo ningependa lianze hata kesho asubuhi. Kanda za habari za Juni 2002. Vituo vilivyokuwepo wakati ule vilipeleka kamera huku kwetu. Kanda za sumaku zinaharibika. Joto, vumbi na unyevu huzila polepole, na mashine za kuzisoma zinazidi kuadimika. Kila kituo kimtume mtu mmoja kwenye kabati la maktaba yake, atafute kila kanda yenye neno Igandu, Msagali au Dodoma ya mwezi ule, na zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijakwisha. Hata kama filamu itachelewa, hizo zikipotea hazirudi. Vivyo hivyo na watu. Waliokuwa na miaka arobaini kwenye treni ile sasa wamevuka sitini. Wahudumu wa hospitali, wafanyakazi wa reli na wazee wa vijiji wanaanza kuondoka mmoja mmoja. Mtu mwenye kinasa sauti na subira angeweza kwenda Igandu wiki hii.

Mimi nipo tayari kufanya yaliyo ndani ya uwezo wangu. Wanafunzi wangu wameandika maswali ambayo wangependa filamu iyajibu, na ni maswali mazuri: dereva alijuaje kwamba breki zimeisha, treni ya mizigo iliambiwa nini, kwa nini abiria wa mbele na wa nyuma hawakuumia sawa, nani alifika wa kwanza. Nimeyakusanya. Hesabu ya mteremko nayo tunaweza kuifanya ubaoni mbele ya kamera, na yule binti wa dawati la mbele ataieleza vizuri kuliko mwalimu wake. Mkitaja siku na ofisi, nitayaleta mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Dodoma